Msitu wa Kahuzi-Biega: Vita Imebakia Ndani ya Miti

Leo tunaongea juu ya msitu wa Kahuzi-Biega, katika Kivu ya Kusini.

Katika milima ile, mpaka kilele cha Kahuzi chenye mita 3.308, miti ni ya namna nyingi: podokarpusi, hagenia, na mianzi huko juu. Mwaka 1937 utawala wa Wabelgiji uliufanya msitu huo kuwa akiba. Mwaka 1970 ukawa parke ya taifa, kilomita za mraba 600 hivi. Mwaka 1975 parke ikapanuliwa mpaka misitu ya chini, ikafika 6.000. Katika miaka ile Batwa walifukuzwa humo, hawakuulizwa wala kulipwa. Hapo ugomvi ulianzia.

Mwaka 1994 wakimbizi toka Rwanda waliwekwa karibu na parke, kama kule Kashusha na Inera. Walihitaji kuni, kama kila mwenye watoto. Toka 1996 wenye silaha walikaa msituni, na tembo wa sehemu ya mlima waliuawa karibu wote. Mwaka 1997 Unesco iliandika parke kati ya urithi wa dunia ulio hatarini.

Leo mtu akiangalia toka barabarani, anaona mlima ungali kijani. Lakini si kijani kilekile. Pale miti ilipokatwa, mwangaza uliingia, na mmea mmoja unaotambaa, wataalamu wanauita Sericostachys scandens, ulienea. Unapanda, unafunika vichwa vya miti, na miche ya chini inakosa jua. Watafiti wengine wanaona kwamba kutoweka kwa tembo, waliokuwa wakiuvunja na kuukanyaga, ni sababu mojawapo. Kwa hiyo bunduki zinaweza kunyamaza, na msitu ukaendelea kubadilika miaka mingi nyuma yake.

Mwaka 2018 familia za Batwa zilirudi ndani ya parke. Miti ilikatwa kwa makala na mbao, mapigano yakatokea, watu wakafa. Wengi walisema: «Ni kosa la Batwa.» Lakini makala hayo yaliuzwa mijini. Anayenunua naye yumo.

Sheria haikunyamaza. Sheria ya tarehe 15 Julai 2022 inalinda haki za watu wa asili wa Kongo. Na katika uamuzi uliotangazwa mwaka 2024, Tume ya Afrika ya Haki za Binadamu na Watu ilisema haki za Batwa wa Kahuzi-Biega zilivunjwa, ikaitaka serikali iwarudishie ardhi yao na kuwalipa fidia. Kusoma uamuzi huo mbele ya watu wote, Batwa na majirani zao pamoja, ni kazi ya kila mkubwa wa kijiji. Asiyejua haki ya jirani yake ataiona kama wizi.

Maswali ya kuzungumza pamoja: Katika kijiji chenu, nani anapata faida ya makala? Batwa wana kiti katika baraza lenu? Familia zilizokimbia zitapata wapi kuni bila kuingia parke?