Nahodha Penye Mlima Meru

Mlima Meru uko mbali na bahari, na mtu aulizaye habari za manahodha mjini Arusha hutazamwa kama aliyepotea njia. Hata hivyo, mmoja katika Wazungu wa mwanzo kuupima mlima huu na kuuchora katika ramani alikuwa mwanamaji. Jina lake Ludwig von Höhnel, askari wa manowari za Dola ya Austria na Hungaria. Mwaka 1887, alipofika hapa akiwa na umri wa miaka 29, alikuwa luteni tu. Unahodha wa manowari aliupata miaka mingi baadaye, na mwisho akastaafu kwa cheo cha admirali. Nalitumia neno “nahodha” kwa makusudi. Wapwani walilipokea kutoka Kiajemi, na asili yake ni bwana wa chombo. Höhnel hakuwa bwana wa msafara ule, lakini yeye ndiye aliyejua wakati wowote msafara uko wapi.

Bwana wa msafara alikuwa Hesabu Samuel Teleki, mkabaila wa Transilvania, aliyezaliwa mwaka 1845. Ukoo wa Teleki ulijulikana sana kwao. Mmoja wa wazee wake, Samuel kama yeye, alifungua maktaba kubwa katika mji wa Marosvásárhely mwaka 1802, nayo ingali ipo. La ajabu ni kwamba huyu mjukuu wa wenye vitabu hakuandika kitabu cha safari yake. Kazi hiyo ilimwangukia luteni. Kitabu kilitoka kwa Kijerumani mwaka 1892, kikafasiriwa kwa Kiingereza mwaka 1894.

Na huyo luteni alikuwa wa ukoo gani? Hapa ndipo penye jambo la kutazamwa. Ludwig alizaliwa mwaka 1857 katika mji ulioitwa Pressburg. Nduguye mkubwa, Franz, alizaliwa mwaka 1852 katika mji wa Zombor, mbali upande wa kusini. Ludwig alisomea ubaharia Fiume. Franz alikuwa profesa mjini Vienna, akapata sifa kwa elimu ya kuvu na uyoga, akafariki mwaka 1920. Leo Pressburg ni Bratislava ya Slovakia, Zombor ni Sombor ya Serbia, Fiume ni Rijeka ya Kroatia, na Vienna ni ya Austria. Ndugu wawili, na habari zao zimetawanyika katika nchi nne! Dola ilipovunjika mwaka 1918, nchi ya Austria haikubakiwa hata na ufuko mmoja wa bahari, na admirali wetu akawa mwanamaji asiye na maji. Hata hivyo nasaba yake haikupotea. Mwaka 1926 alichapisha kitabu cha maisha yake mwenyewe, na mwaka 2000 kikatoka kwa Kiingereza. Aliyepoteza nchi alihifadhiwa na karatasi.

Turudi sasa Pangani, ambako msafara ulianzia mwanzoni mwa mwaka 1887. Mamia ya wapagazi walijitwika nguo, shanga, nyaya na baruti. Miongoni mwa wakuu wao alikuwa Jumbe Kimemeta wa Pangani, mfanyi biashara wa pembe ambaye miaka michache nyuma alikuwa amesafiri na Joseph Thomson katika nchi ya Wamaasai. Palikuwapo pia Qualla Idris, Msomali. Watu hawa walizijua njia, bei na lugha. Höhnel alijua nyota. Alipima pembe za jua na nyota kama afanyavyo baharia katikati ya bahari, akaandika katika daftari, na kwa hesabu hizo akaweka mahali pake Meru, Kilimanjaro, na baadaye ziwa lile ambalo mwezi wa Machi 1888 waliliita Rudolf, kwa jina la mrithi wa kiti cha kwao. Wenyeji walikuwa na majina yao wenyewe; tangu mwaka 1975 Kenya inaliita Turkana.

Basi tazama jinsi urithi ulivyogawanyika. Ukitaka kujua nduguye Höhnel alisomesha nini, waweza kukijua kabla ya jua kuchwa. Ukitaka kujua ndugu wa Jumbe Kimemeta, au jina la mama wa mpagazi mmojawapo aliyekufa njiani, kitabu kimenyamaza. Si kwamba watu wetu hawakuwa na nasaba. Wameru wana koo zao na Waarusha wana marika yao, na kwa hesabu ya marika mzee aweza kuirudisha habari nyuma vizazi kadhaa. Lakini mpagazi aliyezikwa mbali na kwao hana rika la kumtaja mahali alipozikwa.

Nawajua wanafunzi ambao kwa sababu hiyo hukataa kabisa kuvisoma vitabu vya namna hii. Mimi siafikiani nao. Höhnel alikuja na bunduki, na alitazama kwa jicho la mtu aliyezoea kutii amri na kutiiwa. Hilo hapana budi kulikumbuka katika kila ukurasa. Lakini msafara wa mamia ya watu hula. Ulipofika kwa Wameru na Waarusha ulitafuta chakula, na chakula hakinunuliwi katika nchi tupu. Hiyo ilikuwa miaka 9 kabla ya vita vya mwaka 1896, Wajerumani walipozichoma nyumba na migomba ya watu hawa, na kabla ya ardhi ya chini ya mlima kugawiwa walowezi, waliopenda kusema kwamba waliikuta bure. Shahidi aliyeletwa na wakubwa, bila kukusudia, ashuhudia upande wa wadogo.

Höhnel alifariki Vienna mwaka 1942. Mwaka huohuo wakimbizi wa Kipolandi walianza kufika Tengeru, chini ya mlima alioupima. Wengine wao walitoka Galisia, jimbo lililokuwa la mfalme wake. Makaburi yao yapo hadi leo, na yameandikwa majina.

Mwaka 1951 serikali ya Waingereza iliwahamisha kwa nguvu Wameru wapatao 3,000 kutoka Engare Nanyuki, ili ardhi wapewe wafugaji wa Kizungu. Mwaka uliofuata Kirilo Japhet alisimama mbele ya Umoja wa Mataifa, New York, akayaeleza madai ya watu wake kwa Kiswahili. Hakurudishiwa ardhi siku ile. Baadaye, pamoja na wakili Earle Seaton, aliketi akaandika kitabu cha shauri hilo.