Kiswidi Ndani ya Seva Yetu

Mwaka juzi mimi na mwenzangu tulipewa kazi ya kuingiza msamiati wa Kiganda na maana zake za Kiswahili katika kompyuta ya chuo chetu, hapa Uganda. Tuliandika wiki tatu. Tulipofungua orodha, eŋŋoma, yaani ngoma, ilisomeka e??oma. Eŋŋaali, yule korongo wa bendera yetu, alikuwa e??aali. Kila ŋ imekuwa alama ya kuuliza, na alama ya kuuliza haikumbuki ilikuwa herufi gani.

Nikataka kujua nani aliamua hivyo. Seva ilitumia Linux na hifadhidata ya MySQL, toleo la 5.5. Nilisoma faili lake la mipangilio, /etc/mysql/my.cnf. Lilitaja mlango wa 3306, na anwani 127.0.0.1 ili seva isiwasikilize watu wa nje. Kuhusu herufi, kimya. Faili likinyamaza, seva hufuata alivyopanga mtengenezaji.

Mtengenezaji alikuwa Uswidi, mwaka 1995. Hata hilo My ni jina la binti wa Michael Widenius, mmoja wa waanzilishi. Mpangilio wao uliitwa latin1_swedish_ci: herufi za Ulaya Magharibi, zikifuatana kama Waswidi wanavyozipanga, å, ä na ö baada ya z. Herufi hizo huhifadhiwa kwa baiti moja moja, kwa hiyo haziwezi kuzidi 256, na ŋ haimo. Siwalaumu sana, kila mtu huanza na lugha ya nyumbani kwake.

Matoleo ya zamani yalikuja pia na mafaili ya mfano. my-small.cnf lilikuwa la kompyuta yenye kumbukumbu isiyozidi MB 64, na my-huge.cnf, lile la majitu, GB 1 hadi 2. Simu yangu inalishinda! Walijitahidi kukisia ukubwa wa mashine zetu, lugha zetu hawakuzikisia.

Kampuni iliuzwa kwa Sun mwaka 2008, na Sun ikachukuliwa na Oracle mwaka 2010. Kiswidi kilibaki mle mle hadi toleo la 8.0, mwaka 2018, utf8mb4 iliposhika nafasi yake.

Sisi hatukungoja toleo jipya. Tuliongeza mstari mmoja katika faili, character-set-server = utf8mb4, tukaiwasha seva upya. Jedwali la zamani halikubadilika, kwa hiyo tulilifuta na kurudi kwenye daftari. Mwenzangu alianza na eŋŋoma.