Mtu Mzima Asiyejua Jina la Maumivu Yake

Waswahili husema mficha maradhi kifo humuumbua. Methali hii humlaumu mgonjwa. Lakini yapo maradhi ambayo mgonjwa hayafichi hata kidogo. Huyasema mwaka hadi mwaka, kwa kila mganga na kila daktari, na bado hayajulikani. Wiki hii nataka tuzungumze juu ya ugonjwa mmoja wa aina hiyo, selimundu, ambao wengi huuita siko seli, na hasa juu ya watu wazima wanaoishi nao bila kuambiwa kwamba wanao.

Habari za ugonjwa huu katika vitabu vya udaktari wa kisasa zilianza kwa mtu mzima, si kwa mtoto. Mwaka 1904 kijana wa miaka 20 kutoka kisiwa cha Grenada, Walter Clement Noel, alisafiri kwa meli kwenda Marekani kusomea udaktari wa meno mjini Chicago. Desemba mwaka huo huo alilazwa hospitali akiwa na homa na kikohozi. Daktari kijana aliyempokea, Ernest Irons, alitazama damu yake kwa darubini. Badala ya kuona chembe nyekundu za mviringo tu, aliona na nyingine ndefu, zilizopinda kama mundu. Mkuu wake, James Herrick, aliandika habari hizo mwaka 1910.

Mimi ni mtangazaji, si daktari, na kilichonishika zaidi ni maelezo ya mgonjwa mwenyewe. Utotoni aliwahi kuugua buba. Miguu yake ilikuwa na makovu ya vidonda. Kwa muda wa mwaka mmoja moyo ulikuwa ukimwenda mbio na pumzi kumkatika. Yeye alidhani ni kwa sababu ya kuvuta tumbako mno. Kuna nyakati macho yake yaligeuka manjano. Alidhani ni nyongo. Tazama basi: kila dalili ilikuwa na maelezo yake, na kila maelezo yalikuwa na busara. Lililokosekana ni mtu wa kuzikusanya dalili zote na kuuliza kama hazina mzizi mmoja.

Hata Herrick hakuweza kuupa ugonjwa huo jina. Jina lilitolewa mwaka 1922 na daktari mwingine wa Marekani, Verne Mason. Noel hakulisikia. Alihitimu mwaka 1907, akarudi Grenada, akatibu watu meno mjini St. George's hadi alipofariki kwa kichomi mwaka 1916, akiwa na miaka 32.

Isije ikadhaniwa kwamba ugonjwa wenyewe ulianzia Chicago. Daktari wa Ghana, Felix Konotey-Ahulu, ameeleza kwamba katika lugha za kwao ulikuwa na majina tangu zamani, na kwamba aliweza kuufuatilia katika ukoo wake hadi mwaka 1670. Wenyeji waliujua. Waliochelewa ni waandishi wa vitabu.

Na walipofika Afrika, walikosea kwa namna nyingine. Mwaka 1949 Hermann Lehmann na Alan Raper walipima damu za makabila ya Uganda. Kwa Baamba, karibu na milima ya Rwenzori, walikuta watu wapatao 45 katika kila 100 wana chembe zinazopinda. Likazuka swali: ikiwa wenye asili hiyo ni wengi hivyo, mbona wagonjwa hawaonekani hospitalini? Wapo waliodhani kwamba Mwafrika ana chembe hizo lakini haziumwi. Jibu lilikuwa la kuhuzunisha zaidi. Katika miaka ya 1950 Joseph na Cécile Lambotte-Legrand, waliofanya kazi Léopoldville, yaani Kinshasa ya leo, walionyesha kwamba wagonjwa walikuwapo kwa wingi, ila walikufa wangali watoto. Walikuwa wakizikwa kwa majina ya malaria na upungufu wa damu.

Hapo ndipo penye fundisho. Kosa la kwanza lilisema ugonjwa haupo kwa sababu wagonjwa hawaonekani. Liliposahihishwa, likazaa la pili: kwamba huu ni ugonjwa wa watoto, na mwenye nao hafiki utu uzima. Basi mtu wa miaka 30 akiingia kwa daktari analia mifupa, huambiwa ni baridi yabisi. Akiwa na homa, ni malaria. Macho yakiwa manjano, ni ini. Yale yale ya Noel, baada ya zaidi ya miaka 100.

Binamu yangu mmoja aliambiwa baridi yabisi tangu akiwa shuleni. Alipakwa kila dawa ya kuchua, akakatazwa maji baridi, akaitwa mvivu alipokosa shamba. Alikuwa na miaka 31, mimba ya pili, mkunga alipoagiza damu yake ipimwe selimundu. Nyonga moja ilikuwa imekwisha haribika. Alichoniambia ni hiki: "Kaka, afadhali nimejua. Nilianza kuamini kweli mimi ni mvivu."

Kuchelewa kuna gharama. Chembe zilizopinda huziba mishipa midogo. Mfupa, figo na jicho hukosa damu, na kilichokufa hakirudi. Lakini anayejulikana ana la kufanyiwa. Ipo dawa ya haidroksiyurea ambayo hupunguza vipindi vya maumivu, zipo chanjo, ipo kinga ya malaria, na mja mzito huangaliwa kwa karibu. Muhimbili, Dar es Salaam, tangu mwaka 2004 wamekuwa wakiandikisha na kufuatilia maelfu ya wagonjwa, na wengine wamekuwa watu wazima.

Tena mgonjwa hurithi kwa baba na mama, ambao wenyewe huweza kuwa wazima kabisa. Jina likijulikana kwa mmoja, nduguze nao wana sababu ya kupimwa.

Nchi nyingi za Afrika bado hazimpimi kila mtoto anayezaliwa, na sisi tuliozaliwa zamani hatukupimwa. Kwa hiyo ukiwa na mtu nyumbani ambaye maumivu yake huja na kuondoka kila mwaka kwa jina jipya, usimwite mvivu. Mpeleke, na umwulize daktari waziwazi: damu hii imekwisha pimwa selimundu?

Kwa leo naishia hapo.