Kitenzi "Kuongoza": Asili Yake na Matumizi Yake

Miongoni mwa maneno yapitayo kila siku katika meza za wafasiri, walimu na watumishi wa serikali, ni machache yatumiwayo kwa wingi kama kitenzi kuongoza na wanawe: kiongozi, uongozi, mwongozo. Wingi huo umelichosha neno. Yafaa basi tuitazame historia yake, kwani ndani yake imo tofauti ambayo mwananchi anayesomewa waraka wa serikali ana haki ya kuijua.

Tuanze na umbo. Shina ni ongoa, yaani kuweka sawa, kurudisha katika njia iliyonyooka. Ongoa na ongoka vimesimama pamoja kama okoa na okoka: cha kwanza ni tendo la mtu kwa mwenziwe, cha pili ni hali ya aliyetendewa. Kutoka hapo tukapata uongofu, neno ambalo Waislamu na Wakristo hulitumia kwa maana ya kuishika njia ya haki. Kuongoza ni kusababisha hali hiyo: kumfanya mtu aende sawa.

Katika karne ya 19 neno hili lilikuwa na kazi yake katika misafara iliyotoka pwani kwenda bara. Mbele ya wapagazi alitangulia kiongozi, au kirongozi kama wengine walivyotamka. Wasafiri wa Ulaya, kama Richard Burton, waliandika "kirangozi". Huyu alishika bendera, akachukua mzigo mwepesi kuliko wenziwe, na haikuruhusiwa mpagazi kumtangulia. Penye njia panda aliiziba njia isiyofaa kwa matawi au kwa kuchora mstari ardhini, ili walio nyuma wasipotee. Yeye hakuwa mwenye mali.

Jambo hili lilionekana wazi katika nchi ya Usui, ambayo leo imo katika sehemu za Biharamulo. Mwaka 1861 msafara wa John Hanning Speke ulipita huko ukielekea Karagwe, ukacheleweshwa na madai ya hongo kutoka kwa mtawala wa nchi, Suwarora. Katika misafara ya namna hiyo twaona watu watatu wasiofanana: tajiri mwenye mizigo, mtawala mwenye nchi, na kiongozi mwenye kuijua njia. Tajiri aliagiza, mtawala alitoza, kiongozi alitangulia. Kila mmoja alikuwa na kitenzi chake.

Lugha za upande huo zatufunza zaidi. Nyantakara, katika nchi ya Biharamulo na Ngara, yazungukwa na wasemaji wa Kisubi, Kizinza na Kihangaza. Katika Kirundi na Kinyarwanda, zilizo ndugu wa karibu wa Kihangaza, kuyoba ni kupotea njia, na kuyobora ni kuongoza. Kwa kulipima umbo lake, kuyobora ni kutangua kupotea, kama kufungua kunavyotangua kufunga. Katika Kinyankole, kilicho katika ukoo mmoja na Kihaya na Kizinza, neno kwebembera lina picha nyingine: kutangulia mbele. Picha hizo mbili, kumtoa mtu upotevuni na kumtangulia, ndizo zilizokutana katika kiongozi wa msafara.

Baada ya Uhuru neno lilipanda cheo. Azimio la Arusha la 1967 liliweka miiko ya uongozi, na mwaka 1971 TANU ilitoa Mwongozo uliowakataza viongozi kiburi, anasa na uonevu. Wafanyakazi wa viwanda kadhaa waliushika Mwongozo huo wakawakabili nao mameneja wao. Walikuwa wameelewa sawasawa kwamba anayeonea haongozi.

Leo je? Tuchukue mfano wa karatasi iliyofika kijijini ikiwa na kichwa cha habari "Mwongozo", na ndani yake imeandikwa kwamba kila kaya itatoa mchango, na atakayekaidi atatozwa faini. Hiyo ni amri iliyovikwa kanzu ya mwongozo. Mwanakijiji atashindwa kujua kama anashauriwa au anaamriwa. Na asipojua hilo, hataweza kuuliza ni sheria ipi iliyoruhusu faini hiyo.

Kwa hiyo twawashauri wafasiri wayatenge maneno haya. Mwenye mamlaka ya nchi hutawala. Mwenye kutoa amri huagiza, na karatasi yake iitwe agizo. Anayeshughulikia kiwanda au ofisi huendesha au husimamia. Anayesimama pale pale akanyosha kidole huelekeza. Kuongoza kubakie kwa yule anayekwenda pamoja na wenziwe na kuwaepusha na upotevu. Ndiyo maana twasema sawasawa kuongoza mkutano, kwa kuwa mwenyekiti yumo katika mazungumzo hayo na huyazuia yasipotoke. Mwongozo nao uwe karatasi imsaidiayo mtu kuamua, isiyomwadhibu.

Tukiyachanganya haya, kinachopotea ni zaidi ya ufasaha. Kiongozi wa msafara alijulikana kuwa ni kiongozi kwa sababu moja tu: watu wake walifika.