Safu ya Herufi na Majina Yake

Huko Marsiliana d'Albegna, Italia, kilifukuliwa kibao cha pembe ya ndovu kinachoenea kiganjani. Kina zaidi ya miaka 2,600. Ukingoni zimechongwa herufi 26, kutoka kulia kwenda kushoto, na katikati pamechimbwa kidogo ili kutilia nta ya kuandikia. Aliyekimiliki, Mwetruski, mmoja wa wenyeji wa kale wa Italia, alikuwa na safu nzima mbele ya macho yake.

Herufi hizo zilitoka kwa Wagiriki, nao walizipata kwa Wafinisia, pamoja na majina yake: alefu, yaani ng'ombe, na bethi, nyumba. Vinywani mwao yakawa alfa na beta, majina ya herufi basi, na kwa kuunganishwa yakazaa “alfabeti”. Warumi waliridhika kusema litterae, herufi. Neno alphabetum linaonekana kwa mwandishi Tertullian wa Carthage, yapata mwaka 200.

Darasani mambo yalikuwa mepesi zaidi: mtoto alikariri A, B, C, D, na kile alichokariri kikawa jina. Ndiyo maana Wahispania wana abecedario, Wacheki abeceda, Wahungaria ábécé.

Kaskazini safu haikuanza na A kabisa. Jiwe la Kylver, lililopatikana kisiwani Gotland, Uswidi, lilichorwa karibu mwaka 400 likiwa na herufi za runi kwa mpangilio wake: f, u, th, a, r, k. Wataalamu wanaiita safu hiyo futhark.

Waslavi nao wana azbuka, kutokana na az, “mimi”, na buki, “herufi”. Zamani mwanafunzi wa Kirusi hakusoma “ba” moja kwa moja. Alitaja kwanza majina: buki, az, ba! Warusi husema pia alfavit. Hiyo “v” ni alama ya Wagiriki wa Bizanti, ambao beta yao ilikwisha kutamkwa vita.

Nchini Serbia maneno azbuka na abeceda yote mawili yana kazi. Mtoto wa darasa la kwanza hujifunza azbuka, herufi za Kisirili. Akifika la pili hufundishwa abeceda, za Kilatini.

Kiswahili kina jozi yake: alfabeti iliyotoka Ulaya, na abjadi, kutoka alifu, be, jimu, dali za Kiarabu. Lakini abjadi hiyo leo husomwa A, B, Ch, D. Jimu haipo katika nafasi ya tatu, wala C ya Warumi.