Kromu Inayobaki Majini

Mimi ni fundi wa dramu za kusindika ngozi. Nikimwaga maji ya kromu, huyatazama maji kabla ya kuigusa ngozi: yakiwa ya kijani kilichokolea, najua ngozi haikunywa vya kutosha.

Zamani ngozi ililowekwa kwa magome ya miti, wiki kwa wiki, hata miezi. Mjerumani Friedrich Knapp alieleza usindikaji kwa chumvi za kromu mwaka 1858, lakini biashara ilianza pale Augustus Schultz wa New York alipopata hataza mwaka 1884. Njia yake ilikuwa ya maji mawili, dikromati kwanza, kisha thiosalfeti. Dikromati iliwachimba wafanyakazi vidonda mikononi, na hilo linaniuma kila nikilisoma. Mwaka 1893 Martin Dennis akaleta njia ya maji mamoja, yenye kromu isiyo kali namna hiyo. Hiyo ndiyo mama wa kazi yetu ya leo, inayomalizika kwa siku moja au mbili.

Haraka hiyo ina gharama. Kwa njia ya kawaida ngozi hushika kati ya asilimia 60 na 70 ya kromu. Nyingine huenda mferejini. Kwenye viwanda vya Tamil Nadu, India, kesi ya uchafu wa namna hii ilifika Mahakama ya Juu ya nchi, iliyoamua mwaka 1996 kwamba mchafuzi alipe.

Dawa ipo. Chumvi ya fomati huishikilia kromu kidogo isigandie juujuu, ikapenya hadi kiini cha ngozi. Ikizidi, hung'ang'ania kromu na ushikaji unashuka, kwa hiyo pima. Asidi ya glaioksili huiongezea ngozi sehemu za kushikia kromu. Mwishoni oksidi ya magnesi, inayoyeyuka polepole, hupunguza uchachu taratibu, maji yakipashwa hadi nyuzi 40 hivi. Mambo haya yakipangwa vizuri, ushikaji hupita asilimia 90. Kipande kikitiwa kwenye maji yanayochemka kisisinyae, kazi imeiva.

Mafundi wenzangu wa Thika, Moshi na Mwanza, msiongeze mfuko mwingine wa kromu kabla ya kupima kilichobaki majini. Kromu hiyo mmeshailipia, na walio chini ya mto hawakuiomba.