Kipimo cha Wakimbiaji wa Marekani

Ualimu ulinifundisha kwamba mwanafunzi mmoja akifaulu vizuri, shule haijafaulu bado. Hapana budi kuwatazama na wanaomfuata. Kwa kipimo hicho ndivyo ninavyowapima wakimbiaji wa mbio ndefu wa Marekani, taifa linalotamba katika mita 100 lakini lililohangaika sana penye mizunguko mingi.

Mwaka 1964, katika Olimpiki ya Tokyo, Billy Mills wa kabila la Oglala Lakota alishinda mita 10,000 kwa dakika 28 na sekunde 24.4. Aliwapita Mohammed Gammoudi wa Tunisia na Ron Clarke wa Australia, mwenye rekodi ya dunia wakati huo. Siku chache baadaye Bob Schul akatwaa dhahabu ya mita 5,000. Hata hivyo, tangu hapo hakuna Mmarekani mwingine aliyepata dhahabu ya Olimpiki katika mbio hizo mbili. Katika mita 10,000 wanaume walisubiri medali nyingine kwa miaka 48, hadi Galen Rupp alipopata fedha London mwaka 2012.

Pengo hilo walilijaza wengine, na sisi tukiwamo. Mwaka 1968 kule Mexico, Kipchoge Keino wa Kenya alimshinda Jim Ryun katika mita 1,500. Mwaka 1975, Filbert Bayi wetu aliipunguza rekodi ya Ryun ya maili kwa sehemu moja ya kumi ya sekunde.

Wapo wanaosema kwamba Marekani imeinuka kwa miguu ya kuazima. Hutoa mfano wa Bernard Lagat, mzaliwa wa Kenya, aliyeipatia Marekani dhahabu za mita 1,500 na 5,000 katika mashindano ya dunia ya Osaka mwaka 2007. Siafikiani nao. Suleiman Nyambui alisoma chuo kikuu huko El Paso, Texas, na mwaka 1980 akatuletea fedha ya mita 5,000 kutoka Moscow. Kama fedha ile ni yetu, basi dhahabu za Lagat ni zao. Mizani iwe moja.

Sasa tutazame Paris, mwaka 2024. Cole Hocker alishinda mita 1,500 kwa dakika 3 na sekunde 27.65, Yared Nuguse akawa wa tatu na Hobbs Kessler wa tano. Wamarekani watatu katika watano wa kwanza! Katika mita 10,000, baada ya mizunguko 25, Grant Fisher alipata shaba akiwa nyuma ya Joshua Cheptegei wa Uganda kwa sekunde 0.32 tu. Muda wake ulikuwa bora kuliko ule wa Mills kwa zaidi ya dakika moja na nusu. Dhahabu ya 1964 ilikuwa ya mtu. Shaba ya 2024 ni ya darasa zima.

Nasi tujipime vivyo hivyo. Tangu fedha za Bayi na Nyambui mwaka 1980, Tanzania haijapata medali nyingine ya Olimpiki. Vijana wale wawili walifaulu vizuri mno. Je, ndugu msomaji, tuliwaandalia wa kuwafuata?